Msumari Namba Thelathini na Moja

Machi 3

Mume wangu,

"Mke asiye na la kuficha haoni taabu kuonyesha cheti chake." Ndivyo ulivyoniandikia, na sentensi hiyo ukaipigia mstari kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Haya. Tuiweke mezani sentensi yako, tuitazame.

Choo chetu kina komeo. Uliligongomea mwenyewe, na kwa miaka kumi na tisa sijakusikia hata siku moja ukiingia bila kulifunga. Unaficha nini humo, bwana? Na barua hizi unaziandika ukiwa umegeukia ukuta, maana tuliacha simu siku ulipochoka na wale wanaume wanane wa bwenini kwenu wanaotega masikio kila ukinipigia. Je, na mimi nikuulize una la kuficha? Mtu hafuniki kitu kwa sababu ana hatia. Hufunika kwa sababu ni chake.

Sasa nikueleze yaliyotokea, ingawa naona mdogo wako amenitangulia. Shemeji anaendesha gari la kiwanda, lakini ulimi wake unakwenda kasi kuliko gari. Kweli, nimekosa kazi Alhamisi tatu mfululizo. Kweli, cheti kina muhuri wa kliniki ya wanawake, na kwa kuwa vyeti vyetu vyote hutundikwa kwenye ubao wa misumari pale mlangoni, kila mtu kwenye namba yake, muhuri huo umesomwa na kila aliyeingia kazini. Kweli pia, kwenye mstari ulioandikwa "Ugonjwa" nimepaka wino mweusi, mara tatu, hadi ukatokeza upande wa pili.

Meneja akaniita. "Mama, huu wino ni wa nini?"

"Ni wa mashine namba mbili, meneja. Haufutiki."

Hakucheka. Nilimwambia daktari ameshasema yanayomhusu: siku alizoniona, saini yake, na kwamba sikufaa kufanya kazi siku hizo. Yaliyobaki hayashoni kitabu hata kimoja. Akanipa hadi tarehe ishirini nilete cheti kisichopakwa wino, au niache kazi. Nina miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeitumia kujalidi vitabu katika karakana hii. Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua.

Hakuna mwanamume mwingine. Nimeliandika hilo mara moja na sitalirudia, mimi si santuri. Lakini soma tena barua yako. Ina kurasa mbili. Umeuliza nani, umeuliza wapi, umeuliza tangu lini. Neno "pole" halimo.

Mkeo

&nbsp;

Machi 8

Mke wangu,

Choo si cheti. Usinizungushe na makomeo. Wewe umesoma vitabu vyote unavyovishona, mimi nashona vyuma, na vyuma havina maneno, kwa hiyo najua tangu mwanzo kwamba nikibishana nawe nitashindwa. Lakini kushindwa kubishana si kukosea.

Nina miezi saba kwenye daraja hili. Miezi saba! Halafu mdogo wangu ananiambia: kliniki ya wanawake, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Wenzangu huku wanajua kuhesabu. Jana mmoja wa wapaka rangi kaniuliza mbele ya sufuria ya chai, "Fundi, nyumbani wanaongezeka au wanapungua?" Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilivyorudi kazini nikaunguza kiungo kizima, ikabidi kikatwe.

Na meneja wako usiniambie hajui. Namjua yule. Siku ya kumuaga mzee wa mashine alikuvutia kiti. Nilikuwepo, nilikuwa nimesimama na sahani mkononi, na kiti changu hakukivuta mtu. Anakuita ofisini, mlango unafungwa, mnazungumza habari za mwili wako. Mwili wa mke wangu unazungumzwa na mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, na mimi napata habari kutoka kwa dereva. Unataka nisikie nini rohoni? Wivu unanila, ndiyo. Naandika wazi, maana kwako najua hautanipunguzia heshima zaidi ya ulivyokwisha kunipunguzia.

Na hilo la ubao, nani aliuleta ubao? Si wewe? Sijasahau. Ulinisomea hotuba yako jikoni, umesimama na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni. "Kila karatasi inayohusu kukosa kazi itundikwe wazi hadi mwisho wa mwezi." Nilikupigia makofi. Ulikuwa unamwandama yule mwenzako wa gundi, mnayemwita Kimya, eti ni kipenzi cha meneja, eti kila wiki anapewa ruhusa na hakuna anayejua ya nini. Ulitaka ya wenzako yasomwe. Yako yamesomwa, unapaka wino.

Kama hutaki kuniambia wewe, yuko atakayeniambia.

Mumeo

&nbsp;

Machi 13

Kwa Bwana Mchomeleaji,

Salamu. Barua yako ya tarehe nane imefika ofisini. Umeniuliza mkeo anaumwa nini, na unadai kwamba nalijua jambo hilo na ninalificha.

Bwana, ningelijua nisingekuwa na tatizo. Mkeo amekataa kusema. Nami nilikuwa natafuta anwani yako ili nikuulize wewe. Kiwanda hakina nia mbaya. Kinataka tu karatasi za wafanyakazi zote zifanane, kama wafanyakazi wenyewe walivyoomba miaka mitano iliyopita.

Kwa kuwa wewe ni mumewe, na bila shaka mke hawezi kumficha mumewe jambo kama hili, naomba uthibitishe kwa maandishi aina ya ugonjwa. Mistari miwili inatosha. Utakuwa umemsaidia.

Wako katika kazi,
Meneja

&nbsp;

Machi 15

Kwa Meneja,

Bila shaka najua. Mimi ni mume wake, kwetu hakuna kufichana.

Anasumbuliwa na mgongo. Sehemu ya chini, upande wa kulia. Umetokana na kuinua marundo ya karatasi katika kiwanda chako. Huwa ananieleza kila kitu, hata saa maumivu yanapomwanza.

Kwa hiyo huna haja ya kumwita tena ofisini na kufunga mlango.

Mumewe

&nbsp;

Machi 20

Mume wangu,

Mgongo!

Mgongo, upande wa kulia! Kwa nini usingesema goti? Goti angalau lingenipa kiti.

Jana asubuhi nimeingia kazini nikakuta watu wamejaa ubaoni kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Kwenye msumari wangu, juu ya cheti changu, imetundikwa barua yako. Meneja hakuvunja kanuni yoyote. Ni karatasi inayohusu kukosa kazi, itundikwe wazi. Maneno ya kanuni hiyo ni yangu, hata nukta ni zangu. Yule wa mashine ya kukatia akaisoma kwa sauti, na alipofika "kwetu hakuna kufichana" akapaza sauti kama muuza magazeti.

"Jamani, kumbe mgongo siku hizi unatibiwa kliniki ya wanawake!"

"Labda ni mgongo wa uzazi!"

Meneja akaniita, safari hii mlango ukiwa wazi ili kila mtu asikie. Akaweka karatasi mbili mezani. "Muhuri unasema hivi. Mumeo anasema vile. Mmoja wenu ni mwongo, na mwongo hafanyi kazi hapa." Nimesimamishwa. Kamati ya nidhamu itakaa Aprili 4. Usipoirudisha kauli yako kwa maandishi nitafukuzwa kwa kosa la cheti cha uongo, na mtu akishafukuzwa kwa uongo hakuna karakana nyingine itakayomwachia sindano.

Nimejiuliza usiku kucha ni nini kilichokutuma. Nadhani nimekipata. Meneja alikuuliza jambo kuhusu mkeo na wewe hukulijua. Ungeweza kuandika neno moja: sijui. Lakini hukukubali mwanamume mwenzako ajue kwamba hujui. Ulimwonea wivu kwa kitu ambacho hata yeye hakuwa nacho! Mkawa wawili mnapigania sanduku tupu, na mimi ndiye niliyegongwa nalo kichwani.

Sasa nisikilize, maana umesema kweli moja na ilinichoma. Ubao ni wangu.

Kimya alikuwa anaondoka saa nne kila Jumanne. Anavua aproni, anaikunja, anaondoka, haagi. Meneja anampungia mkono. Nilikuwa namtazama mgongo wake ukitoka mlangoni. Nilisema ni haki. Nilipanda juu ya boksi la karatasi nikasema usawa, nikasema uwazi, nikasema kila mmoja ajue. Yote yale yalikuwa maneno mazuri, na chini yake kilikuwepo kijicho tu: kwa nini yeye apungiwe mkono na mimi nisipungiwe? Tukashinda. Jumatatu iliyofuata cheti chake kikatundikwa msumari namba tisa. Nilikisoma. Tulikisoma wote. Kilichoandikwa sitakirudia hapa wala mahali popote. Tangu siku ile hakula nasi tena. Anakula kwenye ngazi za nyuma, ametugeuzia mgongo, na sisi tukasema, ah, ana maringo.

Jana mchana amekuja nyumbani. Miaka mitano hajanisemesha zaidi ya "nipishe." Amesimama mlangoni na kifurushi.

"Nimekuletea sindano zako. Wameshaanza kuzigawana."

Nikamkaribisha. Hakukaa. Nikamwambia, "Mwenzangu, nilikukosea." Nilikuwa nimeandaa na mengine, hotuba nzima, unanijua.

"Ngoja," akasema. "Mimi nimengoja miaka mitano wakusome na wewe. Nilijua siku hiyo nitafurahi."

"Na umefurahi?"

"Nilisoma huo mgongo wa mumeo nikacheka hadi nikashika ukuta. Halafu nikawatazama waliokuwa wanacheka na mimi. Ni walewale."

Akaweka sindano mezani. Hakuniuliza ninaumwa nini. Aliniuliza kama nimekula.

Mkeo

&nbsp;

Machi 25

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma juu ya daraja, miguu inaning'inia, kinyago cha kuchomelea nimekipandisha kichwani. Hakuna mtu aliyekuja kunichungulia, maana huku juu wanaogopa. Nimeisoma mara nne.

Hilo neno lilinishinda. Nilikaa na kalamu, nikaandika "si", nikafuta. Niliona kama nikiandika "sijui" yule bwana atakaa kwenye kiti chake anazunguka, anasema, tazama huyu, hata mkewe hamjui. Nikachagua mgongo kwa sababu mimi ndiye ninayeumwa mgongo. Upande wa kulia. Sijakuambia, tangu mwezi wa kumi na moja. Niliogopa utasema nirudi. Na hapa kazini niliogopa cheti, maana na huku wanataka kijazwe kila kitu, na mchomeleaji mwenye mgongo mbovu hapandishwi juu. Kwa hiyo huo uongo ulikuwa kweli, ila niliupachika kwenye mwili usio wake.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kamati. Haina maringo. Inasema hivi: "Mimi sijui mke wangu anaumwa nini. Hakuniambia, na nilipoulizwa nilitunga. Uongo ni wangu, si wake. Cheti cha daktari ndicho cha kweli." Nimesaini jina kamili na namba yangu ya kazi. Itundike popote. Waisome kama matangazo ya vifo. Nimeshawasomea wanane wa bwenini, kwa kuanzia. Yule mpaka rangi hakucheka.

Usifikiri nimepona. Bado wivu upo, umehama tu. Meneja nimemsamehe, hana kitu. Sasa namwonea wivu Kimya. Ameketi jikoni kwangu, nina hakika baadaye aliketi, na nina hakika umemwambia. Mtu mliyegombana naye miaka mitano anajua, na mimi niliyelala nawe kitanda kimoja miaka kumi na tisa nahesabu boliti.

Lakini nimeisoma tena ile barua yangu ya kwanza, nakala yake ninayo. Ni kweli. Neno halimo. Naliandika sasa, limechelewa: pole. Unaumwa sana? Usinijibu kama hutaki. Nauliza tu kama unaumwa sana.

Mumeo

&nbsp;

Machi 28

Mume wangu,

Kimya hajui. Hakuuliza, na nadhani ndiyo sababu nilikaribia kumwambia.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili. Nimeikunja mara nne na kuishona pembeni kwa uzi wa kujalidia, mishono saba, nikafunga fundo langu. Fundo hilo unalijua. Akilifungua mtu mwingine hataweza kulirudisha lilivyokuwa. Kama limeguswa njiani, nijulishe. Kama halijaguswa, panda nalo huko juu wanakoogopa, ukate uzi, usome. Kisha ichome. Moto unao.

Nakuambia kwa sababu umeuliza kama naumwa. Sikuambii kwa sababu una haki. Shika tofauti hiyo vizuri, maana nitakuuliza.

Na huo mgongo wako, tangu mwezi wa kumi na moja! Mimi nikachekwa karakana nzima kwa ugonjwa wako, na nilikuwa sijui. Naona wivu, ujue. Naona wivu kwamba meneja wangu alisoma habari za mgongo wako kabla yangu. Sasa naonja ulichonipikia.

Mkeo

&nbsp;

Machi 31

Mke wangu,

Fundo halikuguswa.

Nimesoma. Nilikaa huko juu hadi msimamizi akapiga filimbi, kisha nikawasha moto. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Sitaandika hapa neno hata moja la yaliyokuwemo, na siku tukizungumza tutazungumza jikoni, dirisha limefungwa.

Wiki zote hizi nilikuwa natafuta sura ya mwanamume. Sasa sijui hasira ile niiweke wapi, imebaki mikononi kama chombo cha mtu mwingine.

Nimeomba ruhusa ya siku tano. Msimamizi akataka sababu. Nikaandika: mambo ya nyumbani. Akasema, "Mambo gani, fundi? Jaza." Nikamwambia, "Nimeshajaza." Amesaini, lakini amesema tutaonana nikirudi. Sawa, tutaonana.

Nitafika Jumatano. Siku inayofuata ni Alhamisi. Nitakaa nje kwenye benchi kama hutaki niingie, na kama unataka niingie nitaingia.

Mumeo

&nbsp;

Aprili 4

Kwa kamati ya nidhamu, kwa Meneja, na kwa wenzangu wote wenye namba kwenye ubao,

Barua hii naitundika mwenyewe, msumari thelathini na moja, asubuhi kabla kamati haijakaa. Chini yake mtaikuta barua ya mume wangu. Isomeni kwanza. Inasema "sijui," na nawahakikishia kwamba kuiandika kumemtoa jasho kuliko daraja lote. Hapo, Meneja, muhuri na mume havipingani tena. Mwongo umempata, amekiri, na si mfanyakazi wako.

Jana nilikuwa kliniki. Sikwenda peke yangu. Cheti kiko hapa, kina tarehe, kina saini, kina muhuri, na mstari wa ugonjwa umepakwa wino. Na cha Alhamisi ijayo kitapakwa. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni kwa wino. Andikeni hivyo kwenye barua: amefukuzwa kwa kupaka wino. Msitafute neno lingine la kujipendezesha.

Najua mtakachosema. "Ubao si uliuomba wewe?" Niliuomba. Nilisimama juu ya boksi, palepale alipo sasa yule wa mashine ya kukatia anayesoma hii kwa sauti. Soma, kaka, usikate sentensi. Niliwaambia nataka haki, na nilichokuwa nacho kilikuwa kijicho kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anaondoka Jumanne bila kuniambia anakwenda wapi. Nilidhani asiponiambia ameniibia kitu. Mume wangu alidhani hivyohivyo juu yangu. Meneja anadhani hivyohivyo juu yenu nyote. Tumekuwa watu wa kuchungulia juu ya mabega ya wenzetu kisha tunaita usawa.

Daktari akisema mtu hakufaa kufanya kazi, kiwanda kimejua yote kinachohitaji ili kupanga zamu. Meneja, zamu hazipangwi kwa jina la ugonjwa. Kama daktari anadanganya, mshtaki daktari. Kama unaniamini kukushonea vitabu elfu mbili bila kuvihesabu kurasa, niamini na Alhamisi.

Namba tisa alinishinda leo. Alifika kabla yangu, na msumari wake niliukuta mtupu. Hakuniambia atafanya hivyo, haagi, mnamjua.

Kwa hiyo nasema nanyi kwa namba. Wewe wa namba nne, unayesimama kila mwezi mbele ya cheti chako ili wasiokujua wasikisome. Wewe wa kumi na saba, uliyekuja kazini na homa kwa sababu uliogopa karatasi kuliko homa. Wewe wa ishirini na mbili, uliyecheka kwa sauti kubwa juzi, nami najua kwa nini ulicheka kwa sauti kubwa. Kengele ya chai haijalia bado. Nendeni ubaoni sasa hivi, kila mtu achomoe cheti chake, chake tu, asisome cha jirani, akitie mfukoni, arudi kazini. Nawe Meneja, ukitoka kwenye kamati, leta nyundo uing'oe misumari.

Mjalidi, namba thelathini na moja